Bunduki Haijifyatui Yenyewe

Tangu video za droni za kule Ukraine zianze kuzunguka kwenye simu, kijiwe cha kahawa ninapokaa jioni hapa Mtwara hakikosi ubishi wa vita. Kijana atainua simu, aonyeshe kifaru kinavyowaka, kisha atoe hukumu: vita vya siku hizi ni vya mashine, mtu anabonyeza kitufe tu, mwenye mashine nyingi ndiye mshindi. Mwingine atadakia kwamba hata zamani ilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana babu zetu wa Majimaji walikwisha. Walikwenda na maji mbele ya bunduki za rashasha. Juzi mzee mmoja aliyepigana Uganda mwaka 1979 aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akauliza: "Na huyo anayeiongoza hiyo droni, wanangu, usiku amelala?"

Vijana walidhani anatania. Hakuwa anatania. Swali lake limewashughulisha makamanda na wanazuoni wa vita kwa karne nyingi, na ukiishi huku kusini, kati ya Kilwa na mto Ruvuma, mifano yake iko kando ya barabara unazopita kila siku. Nataka kulifafanua, maana naona tunazungumza sana juu ya silaha na kidogo mno juu ya wanaozishika.

Tuelewane maneno kwanza. Uwezo wa jeshi ni vitu vinavyohesabika: askari, bunduki, magari, mafuta, chakula. Ari ni utayari wa kikosi kuendelea na kazi hata mambo yakiwa magumu. Haihesabiki, ila ikipungua kila mtu huiona. Mshikamano ni kuaminiana kwa wale walio bega kwa bega. Nia ni uamuzi wa taifa au kundi zima kwamba jambo hili tutalimaliza hata likituumiza. Na taharuki ni pale hofu ya mmoja inapogeuka hofu ya wote ndani ya dakika chache.

Watanzania mgawanyo huu tulishapewa kwa Kiswahili chepesi. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka yamekuwa kama kiitikio. Yasikilize tena. Kati ya vitu vitatu alivyovitaja, kimoja tu ndicho kinachoweza kupakiwa kwenye lori.

Carl von Clausewitz, ofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, aliyepigana na majeshi ya Napoleon na kufa mwaka 1831, alilieleza jambo hili kwa neno msuguano. Alimaanisha kwamba kila linaloonekana jepesi kwenye ramani huwa zito likifanywa na watu waliochoka, wenye njaa, waliopewa habari nusu. Waliokwama Somanga Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara, hawahitaji mhadhara. Tiketi ilisema Dar es Salaam hadi Mtwara, siku moja. Halafu kukawa na maji, na njaa, na watoto wanaolia, na kila anayepita ana habari yake tofauti. Sasa weka juu ya hayo mtu anayekupiga risasi.

Hofu na miguu ya jirani

Watu wengi huamini kwamba askari hodari haogopi. Si kweli, na imani hiyo imewaumiza wengi waliorudi kutoka vitani wakionea aibu kutetemeka kwao. Mwili wa binadamu ukikiona kifo karibu humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, jicho hubana na kuona kilicho mbele tu, masikio hufifia, vidole hushindwa kazi ndogondogo. Mama wa Liwale anayekesha kwenye dungu akilinda shamba lake lisiliwe na tembo anaijua hali hiyo. Kiberiti alichokiwasha kila siku ya maisha yake kinamshinda pale mnyama anapotokeza gizani hatua ishirini kutoka alipo.

Ndiyo maana kuruta hufundishwa kufungua bunduki na kuifunga tena mamia ya mara, mchana na usiku, akiwa mzima na akiwa hoi. Raia akitazama huona ni adhabu. Lengo ni mikono iijue kazi yake siku ambayo kichwa kitakuwa kimejaa hofu. Usingizi nao ni hivyohivyo: mtu aliyekesha siku mbili tatu hukosea hesabu ndogo, huona visivyopo, hugombana na rafiki yake. Huko ndiko mzee wetu alikokuwa anaelekea.

Taharuki nitaieleza kwa korosho. Mkulima wa Tandahimba anajua kwamba akisubiri mnada wa chama chake cha msingi atapata zaidi kuliko kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayepita usiku. Lakini ukienea uvumi kwamba mwaka huu malipo yatachelewa, akamwona jirani anauza, na kesho mwingine, naye ataishia kuuza. Si kwamba mmoja wao ni mjinga. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Kikosi hukimbia vivyo hivyo. Askari haoni uwanja wote wa vita. Anaona watu watano au kumi walio karibu naye, na miguu yao ndiyo habari anayoisoma.

Machi 10, 1979, karibu na mji wa Lukaya nchini Uganda, brigedi ya 201 ya jeshi letu, iliyokuwa na wanamgambo wengi wapya, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakifyatua maroketi ya Katyusha. Mengi ya maroketi yale yalipita juu ya vichwa vyao yakaangukia mbali nyuma. Lakini ngurumo na ugeni wa jambo lile vilitosha. Safu ikavunjika, watu wakatawanyika gizani. Makamanda wakafanya kazi ya kuwakusanya tena, brigedi ya 208 ikazunguka kuja kwa ubavuni, na kesho yake Lukaya ikatwaliwa. Miongoni mwa walioshambulia walikuwemo walewale waliokuwa wamekimbia. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka.

Ni nini huwazuia watu wasikimbie? Hotuba hufanya kidogo sana. Uchunguzi wa majeshi ya Vita Kuu ya Pili ulionyesha kwamba askari wengi, ilipofika saa mbaya, walipigana kwa ajili ya wenzao wachache waliokuwa nao, zaidi ya bendera au siasa. Wamakonde, Wayao na Wamwera hatuna haja ya kuelezwa hili kwa urefu. Vijana waliokaa jandoni pamoja, wakala sahani moja, wakaimba nyimbo zilezile na kuvumilia maumivu yaleyale, hubaki na deni kati yao hata wakikutana ukubwani, mmoja diwani na mwingine mvuvi. Depo ya kuruta, tangu kunyolewa hadi nyimbo za mchakamchaka, hutengeneza undugu wa aina hiyo kwa miezi michache.

Majimaji tunawaonea

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimechoka kusikia babu zetu wakidharauliwa na wajukuu wao.

Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima, na vita vikaanza. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1904, watu walikuwa wakienda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupokea dawa ya maji ambayo ingegeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Kijana wa kijiweni huishia hapo: ushirikina, wakafa, basi.

Hebu liangalie kama kamanda. Una watu wa makabila mengi wasio na mfalme mmoja, na baadhi yao wana visasi vya zamani kati yao. Huna simu ya upepo, huna ghala la silaha, huna mshahara wa kumpa mtu. Adui ana bunduki, na kila mmoja ameona kiboko na kitanzi chake. Utawafanyaje watu hawa wainuke kwa pamoja? Dawa ilijibu swali hilo. Ilimpa mtu sababu ya kuishinda hofu yake. Na jambo ninaloliona kubwa zaidi, ilimhakikishia kwamba mtu wa kabila jingine, ambaye jana hakumwamini, amepokea maji yaleyale na kufungwa na miiko ileile. Habari zilisambaa kwa kunong'onezana, njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, kutoka mdomo mmoja hadi sikio moja, huku maofisa bomani hawana habari. Ari, mshikamano na mawasiliano vilipatikana kwa kibuyu kimoja.

Udhaifu ulikuwa kwenye ahadi yenyewe. Agosti 30, 1905 maelfu walipolivamia boma la Mahenge mbele ya rashasha mbili, ahadi ile ilipimwa mchana kweupe. Mafunzo ya kijeshi humwambia askari kwamba anaweza kufa lakini hataachwa peke yake, na hilo hubaki kweli hata mwenzake akianguka pembeni yake. Dawa ilisema hutakufa.

Lakini vita havikuishia Mahenge. Waliopoteza imani na maji waligeukia kuvizia porini, na mapigano yakaendelea hadi mwaka 1907. Anayesema watu wale walisukumwa na ushirikina peke yake atueleze walipigania nini miezi yote iliyofuata, dawa ikiwa imekwisha kushindwa. Walikuwa na sababu: kodi, viboko, na pamba inayolimwa mtu akiacha shamba lake la chakula.

Wajerumani nao waliwasoma watu vibaya. Walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro Agosti 4, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa, wakidhani wamekata kichwa cha nyoka. Vita vilikuwa vimeshaingia ndimini mwa watu. Vikafika Liwale, Masasi, Songea. Walipoona risasi hazimalizi kazi, wakaanza kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Waliokufa hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Mahiwa, na tabia ya mtu mmoja

Wengi wanaopita Nyangao wakielekea Masasi hawajui kwamba jirani tu, pale Mahiwa, palipiganwa moja ya vita vikali kuliko vyote vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Kuanzia Oktoba 15 hadi 18, 1917, jeshi la Uingereza la watu karibu 5,000, wakiwemo Wanijeria wengi na askari wa King's African Rifles, lilikabiliana na kikosi cha Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck cha watu kama 1,500, wengi wao askari Waafrika.

Ukihesabu vichwa, hesabu ni rahisi. Ila Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kukutana na Jenerali Beves, aliyewaongoza Waingereza siku ile. Machi 1916, kwenye kilima cha Reata karibu na Taveta, alimwona anavyopigana: hupeleka watu wake moja kwa moja mbele, bila kujali wangapi wanaanguka. Mcheza bao atanielewa. Ukishajua mwenzako ana uchu wa kula kete, unamwachia shimo lililojaa na kumngojea hapo. Lettow-Vorbeck alizijaza nguvu zake palepale mbele, mahali Beves angegonga. Beves akagonga, akarudia, akarudia tena. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Upande wa pili ulipoteza kati ya 500 na 600.

Kwa hiyo Wanijeria wale, vijana waliotoka maelfu ya kilomita, walikufa kwenye vichaka vya Lindi kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja ambao adui wake alikuwa ameukariri. Hili huwa linanisumbua kila nipitapo pale.

Ushindi huo nao ulimkausha mshindi. Risasi zilikaribia kumwishia, akawaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, na Novemba 25 akavuka Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji. Baada ya vita Ujerumani ilipenda sana kusimulia kwamba askari Waafrika walimfuata kwa utiifu usioyumba. Wengi walitoroka, hasa mwaka ule wa 1917. Waliobaki walikuwa na sababu ambazo yeyote kati yetu angekuwa nazo: heshima waliyoipata jeshini, mshahara wanaoudai, wake na watoto waliokuwa wakitembea nao kwenye msafara, na mashaka juu ya mapokezi yanayowangoja kijijini.

Na nyuma yao wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokadiriwa kufika milioni moja katika kampeni nzima, na waliokufa hukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Wapagazi hamsini wakitoroka usiku, asubuhi rashasha haina cha kufyatua.

Nia huvunjwaje?

Huku kwetu tumeona nia ikivunjika kwa namna isiyotarajiwa. Septemba 25, 1964 wapiganaji wa FRELIMO, waliotaka kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, walishambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Nachingwea, ambako Waingereza walikuwa wameshindwa kulima karanga miaka kumi na ushei nyuma, ikawa kambi yao kuu ya mafunzo. Mreno alikuwa na ndege, helikopta na makumi ya maelfu ya askari. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa kaskazini mwa Msumbiji kuwamaliza. Hakuwamaliza, wala wao hawakuwa na nguvu za kulifuta jeshi lake. Kilichokatika ni moyo wa Wareno wenyewe. Vijana wao walikimbilia Ufaransa kukwepa jeshi, maofisa wa ngazi za chini wakachoka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kwa sababu wasiyoiamini tena, na Aprili 25, 1974 wakaipindua serikali yao kule Lisbon. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamelala Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara.

Kuna dhana nyingine inayorudi kila vita vipya vinapozuka: ukiwapiga mabomu raia vya kutosha, watailazimisha serikali yao isalimu amri. Mwitaliano Giulio Douhet aliieneza sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani iliijaribu kwa London na miji mingine ya Uingereza kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941, wakafa zaidi ya watu 40,000. Uingereza haikusalimu amri. Kisha Waingereza na Wamarekani wakaifanyia miji ya Ujerumani mabaya zaidi, na watu wakaendelea kwenda viwandani karibu mpaka mwisho, mwaka 1945.

Mtu ataniuliza: mbona njaa iliyoletwa na Wajerumani iliwavunja watu wa kusini na mabomu hayakuivunja London? Nionavyo mimi, mkazi wa London aliyetoka handakini asubuhi bado alikuwa na mkate wa mgawo, jirani wa kumsaidia kufukua vifusi, na serikali inayomwambia la kufanya leo. Mama wa Ungindo mwaka 1906 hakubakiwa na mbegu ya kupanda. Watu huvumilia mateso makubwa wakiwa bado wana la kufanya kesho.

Turudi kwenye droni, nisije nikaonekana namdharau kijana mwenye simu. Zimebadilisha mengi kweli. Hata hivyo mwendeshaji wake, aliye kilomita kadhaa nyuma, humwona anayemuua kwa karibu kuliko mpiga mizinga wa zamani alivyowahi kumwona, na sura hiyo hulala nayo. Aliye mtaroni naye hushinda na mlio unaozunguka juu yake mchana kutwa. Hawezi kutoka kuchota maji, hawezi kumfuata mwenzake aliyeumia. Hofu imepewa zana mpya.

Na sisi hatuiangalii kwa mbali. Oktoba 14, 2020, msimu wa korosho ukiwa umeanza, wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma na kuishambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kundi la namna ile halina ndege wala vifaru. Linategemea kitakachosimuliwa kesho yake, ndiyo maana huua kwa namna ya kutisha kusudi: mtu ahame kwa habari ya kijiji cha jirani kabla ya risasi kumfikia. Kufikia mwaka 2022 karibu watu milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao upande ule wa mto. Siku zile za Kitaya simu zetu zilijaa sauti na picha za kutisha, nyingine si za huku kabisa, na kila aliyezisambaza aliwafanyia wale watu kazi yao bila malipo.

Serikali inaweza kuweka askari na kamera kando ya mto. Lakini wa kwanza kuwaona wageni watano waliolala chini ya mikorosho atakuwa mama anayeokota korosho alfajiri. Namba ya mtendaji wa kijiji anayo. Ataipiga kama mara ya mwisho alipotoa taarifa alisikilizwa, jina lake halikutajwa hadharani, na mwanawe hakuchukuliwa kuhojiwa bila sababu. Kama mambo yalikwenda vingine, atainamisha kichwa, ajaze ndoo yake, arudi nyumbani kimya.